Mistari Mitatu Ambayo Hukuisoma Redioni

Kwako Bi Zuhura, mke wa baba yangu,

Wiki mbili zilizopita walikuja nyumbani vijana wawili, mwanamme na mwanamke, wanakusanya habari za redio ya zamani. Walitaka kuzisikia hotuba ulizokuwa ukiwatolea vijana wa vilabu. Nikawaambia hakuna kanda. Wakati ule ulikuwa ukisema moja kwa moja, na kilichotoka kilikuwa kimetoka. Yule msichana akaniuliza kama ni kweli kuwa wewe ndiwe mke wa mkubwa aliyekataa kusoma maneno aliyoandikiwa na ofisi. Nikamwambia hadithi hiyo ina mguu mmoja wa kweli na mmoja wa bandia. Watarudi Alkhamisi, na nitawapa barua hii waisome wao na kila atakaye. Wewe huna tena haja ya kufichiwa jambo, na mimi umri wangu umeshapita wa kuona haya.

Kwanza niseme ulivyoingia kwetu, maana wao hawajui. Mama yangu alifariki nikiwa na miaka minane. Ulipoolewa na baba nilikuwa nakaribia kumi na moja, na baba alikuwa fundi seremala pale Kikwajuni. Ulikuja na cherehani, msahafu na sanduku moja la nguo. Siku ya pili ulinikalisha kwenye mkeka ukanambia, "Mama yako anajulikana, na mimi siye. Niite Bi Zuhura." Nikakuita hivyo mpaka mwisho. Kila asubuhi nilikupa shikamoo yangu, ukanipa marahaba yako, na kila mtu akaenda kwenye kazi yake. Sitasema kwamba tulipendana. Tulikuwa watu wawili wenye adabu ndani ya nyumba moja.

Mwaka uliofuata yakaja Mapinduzi. Baba, aliyekuwa akihudhuria mikutano kwa miaka bila ya sisi kujua ina uzito gani, akapewa ofisi na gari. Tukahamishiwa Shangani, kwenye nyumba ya ghorofa mbili iliyokuwa ya watu wengine. Ukutani palikuwa na alama nyeupe za mahali palipotundikwa saa na picha. Ulizitazama kwa siku kadhaa, kisha ukapaka chokaa chumba kizima kwa mkono wako, na hukusema kwa nini. Cherehani uliiweka dirishani, ukaendelea kushona nguo za watu wa Kikwajuni, nao wakawa wanapanda ngazi zile kwa woga na vitambaa vyao kwapani.

Haukupita muda mrefu, ofisi moja ikaamua kwamba wake wa viongozi nao waseme na vijana. Kila Jumamosi saa kumi alasiri vilabu vya vijana, shamba na mjini, vitakusanyika mbele ya redio, na mama mmoja atawahutubia. Baba alikuwa keshawaambia wenzake kuwa mkewe anasoma vizuri. Hakudanganya. Ulikuwa ukihitimu msahafu kila Ramadhani, na barua za ndugu zako wa Pemba ulikuwa ukizijibu mwenyewe. Hawakumuuliza ni kwa herufi gani.

Ijumaa ya kwanza dereva akaleta bahasha. Nilikuwa jikoni ukaniita.

"Rukia!"

"Naam."

"Njoo unisomee hii. Macho yangu leo yana ukungu."

Asubuhi ile ile macho hayo yalikuwa yametia uzi kwenye sindano nyembamba kuliko zote ulizokuwa nazo. Lakini nilikaa nikasoma. Zilikuwa karatasi mbili zilizopigwa taipu, juu ya usafi na kazi za kujitolea. Ukataka nirudie. Niliporudia mara ya tatu ukawa unasema sentensi kabla yangu. Kisha ukaniuliza, huku unakunja kitambaa, "Kwenye chuo cha Kurani walikufundisha kuandika kwa Kiarabu, au kusoma tu?"

"Walinifundisha na kuandika."

"Basi niandikie. Na nitilie irabu zote, nisije nikababaika mbele ya watu."

Ndivyo ilivyoanza kazi yangu. Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana nilikaa na daftari, nikiyageuza maneno ya ofisi kutoka herufi za Kizungu kwenda za Kiarabu, na wewe ukishona karibu yangu. Hukuniapisha. Ulisema tu, "Hili ni la sisi wawili," na nikaona kuwa ni la sisi wawili.

Siku ya kwanza nilikusindikiza hadi kwenye chumba cha matangazo. Mtangazaji wa zamu, mwanamme mmoja mwenye miwani, alilitazama daftari lako likifunguka kutoka kulia.

"Bi Zuhura, karatasi tulizokuletea zi wapi?"

"Zinapiga kelele," ukamjibu. "Nimezishika nyumbani, zinalia kama dagaa kwenye mafuta. Watu watasikia mimi au watasikia karatasi? Daftari halina kelele."

Akacheka. Wiki chache baadaye nikasikia anawaambia na wasemaji wengine waje na madaftari.

Ulibisha hodi. Hivyo ndivyo ulivyoanza, na haikuwamo kwenye karatasi. "Hodi, vijana," ukasema, ukanyamaza kidogo, kana kwamba unangoja wakukaribishe. Tulikuja kuambiwa kwamba huko shamba waliitikia kweli, ukumbi mzima, "Karibu!", wakicheka kwa kuijibu redio. Tangu siku hiyo kila Jumamosi ulibisha hodi. Uliyoandikiwa uliyasoma yote, lakini ulichomeka na yako. Ulimwambia anayesikiliza huku amelala chali ainuke. Uliwafundisha wavulana kushona kifungo, kwa kuwa, ulisema, taifa litajengwaje na watu wenye mashati wazi.

Kosa moja kubwa lilikuwa langu. Ofisi iliandika kwamba kila klabu ichimbe choo. Kwa herufi zetu, choo na chuo vinakaribiana, na mimi niliandika kwa haraka. Ukasoma, kwa sauti yako ile ya kutoshtuka, "Kila klabu ichimbe chuo." Ukasita. "Nisameheni, vijana. Choo. Chuo hakichimbwi." Watu walicheka mji mzima, na vyoo vikachimbwa. Niliporudi nyumbani nilingoja nigombezwe. Ukanambia, "Andika polepole," basi.

Mwaka wa pili walianza kukualika vilabuni. Tulikwenda Amani, tukaenda na Mkokotoni, na huko Mkokotoni nusura siri yetu ifichuke. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Walicheza ngoma, wakasoma risala, kisha katibu wao, msichana mrefu, akakukabidhi karatasi ya majina ya washindi wa mashindano ya usafi. Akatangaza, "Sasa mgeni wetu atawataja." Mimi nilikuwa mstari wa pili. Niliona umeipokea karatasi kwa mikono miwili, ukaitazama kuanzia juu hadi chini bila ya haraka. Majina yale yalikuwa kwa herufi za Kizungu.

"Mwanangu," ukamwambia, "majina ya watu wa hapa hutajwa na mtu wa hapa. Mimi nikiyakosea, mtu atakwenda nyumbani na jina si lake. Taja wewe, mimi nitatoa mkono."

Ukumbi ukapiga makofi kwa heshima uliyowapa. Garini wakati wa kurudi, tulipoiacha Mahonda nyuma, ukasema, "Nlikuwa nshakufa." Tukacheka wote wawili. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza.

Sasa nifike kwenye lile wanaloliuliza.

Nilikuwa na miaka kumi na tano. Darasani nilikaa na Nasra, ambaye unamkumbuka kwa sababu ulimshonea gauni la Idi. Baba yake alikuwa karani, Mwarabu wa pale pale mjini, mtu mpole. Mdogo wake Nasra alikuwa kwenye klabu ya vijana, na siku moja kule klabuni alirudia maneno ambayo baba yao aliyasema wakati wa chakula, juu ya foleni ya mchele. Asubuhi yake baba yao aliitwa kuhojiwa. Alikaa huko miezi mitatu. Aliporudi alikuwa hasemi wakati wa kula, wala wakati mwengine. Nasra alinambia kwamba aliyeumia zaidi ni yule mdogo wake, ambaye alikuwa akidhani amesema neno la kuchekesha.

Haya sikukusimulia. Hatukuwa na mazoea ya kusimuliana.

Ijumaa moja baada ya hapo bahasha ikaja kama kawaida. Hotuba ilikuwa ya visima, kuvifunika na kuvisafisha. Lakini karatasi ya pili, chini, palikuwa na mistari mitatu isiyohusu visima. Ilisema kijana mwema hana siri ya nyumbani. Ilisema akimsikia baba au mama yake ananung'unika asingoje, aende akamweleze mwenyekiti wa klabu yake. Ilisema huko ndiko kuwapenda wazee wake kwa kweli.

Niliisoma mara mbili. Wewe ulikuwa unakanyaga cherehani, shati jeupe. Nikaandika mstari uliotangulia, kisha nikaandika uliofuatia, nikaiunganisha na "kwa hiyo". Hotuba ilikwenda sawa. Ukaniuliza, "Mbona leo fupi?" Nikakujibu, "Ndivyo walivyoleta."

Sikujiona shujaa, Bi Zuhura. Nilijiona mtu aliyeiba kitu kidogo katika nyumba kubwa, akitumai hakitatafutwa.

Jumamosi ukaenda peke yako na dereva. Mimi nilisikiliza kwenye redio ya sebuleni. Ukabisha hodi, ukasema juu ya visima, ukawaonya wasiache ndoo chini. Ulipofika pale penye "kwa hiyo" ukapita bila ya kujikwaa, ukawaaga, na ikapigwa taarab.

Jumatatu saa tatu asubuhi wakaja wanaume wawili. Baba alikuwa kazini, na mimi nilikuwa nyumbani kwa homa. Ukanituma nilete maji ya ndimu. Nilipofika mlangoni na sinia, mmoja wao alikuwa ameshaiweka karatasi ya taipu mezani mbele yako.

"Bi Zuhura," akasema kwa upole, "hapa pana mistari mitatu hukuisoma."

Uliinama, ukaweka kidole kwenye karatasi. Nilikuwa nimesimama mahali pa kukiona. Kilikuwa juu kabisa, penye visima.

"Si hapo," yule bwana akasema. "Hapo chini."

Ukakiteremsha kidole taratibu mpaka alipoacha kukuelekeza. Hukuwa ukijua kilichoandikwa, lakini uliijua hotuba yote kwa moyo, kwa hivyo ulijua kuwa hapo pana jambo ambalo hukulisikia kwangu. Ukainua macho, ukaniona mlangoni. Kilichobaki kilikuwa chepesi. Ungesema, mimi herufi hizi sizijui, mwulizeni huyo. Nilikuwa naingoja kauli hiyo. Nilishaanza kutafuta jibu langu.

"Niliiona," ukawaambia. "Nikairuka."

"Kwa sababu gani?"

"Soma, nisikie unavyoisoma wewe," ukamwambia.

Akasoma. Ndipo ukaisikia kwa mara ya kwanza. Uso wako haukubadilika. Ukasema, "Sababu ndiyo hiyo uliyoisoma. Mimi nna mtoto wa kulea hapa ndani, na mimi ni mtu wa kusema. Chumvi ikiadimika nasema, maji yakikatika nasema. Nikimfundisha mtoto wa mwenzangu kumsemea mamaake, na huyu wangu ananisikia."

Mwenzake yule bwana akaandika kitu. Wakanywa maji yao ya ndimu, wakakushukuru, wakateremka ngazi.

Baba alirudi mchana na habari alikuwa nayo. Hakugusa chakula.

"Umeniangusha," akakwambia.

"Nimekuangusha kutoka wapi? Kikwajuni tulikuwa shimoni?"

"Wewe hujui mambo haya."

"Siyajui," ukamjibu. "Kula, wali unapoa."

Na mimi nilikuwa pale pale, nikila. Ningeweza kusema neno moja, ni mimi. Sikulisema mchana ule, wala usiku, wala mwezi ule. Nawe hukuniuliza. Hilo la kutokuuliza lilinitesa kuliko maswali yote ya wale wanaume.

Bahasha hazikuja tena, na habari zikavuja ofisini kwamba mke wa mkubwa amekataa kusoma. Jumamosi ikapewa mama mwengine, aliyesoma vizuri na hakubisha hodi. Baada ya miezi baba akapelekwa Mkokotoni kusimamia ghala, gari likachukuliwa, na nyumba ya Shangani ikapewa watu wengine, ambao nadhani walipaka chokaa yao. Baba hakukasirika muda mrefu. Huko Mkokotoni alirudi kuchonga milango wakati wa alasiri, na niseme ukweli, alikuwa akilala vizuri zaidi. Lakini alikuwa ameaibika mbele ya wenzake, na aibu hiyo ilikuwa na jina lako, wakati jina lake halisi lilikuwa langu.

Mimi nilibaki mjini kwa shangazi nikimaliza masomo. Nilipohitimu ualimu nikapangiwa skuli ya Mkokotoni, nikarudi kukaa nanyi. Yalipoanza madarasa ya watu wazima nilipewa la wanawake, baada ya sala ya alasiri. Siku ya kufungua waliingia akina mama wa pale pale na wawili watatu waliovuka kutoka kisiwa cha Tumbatu, na nyuma yao ukaingia wewe, na daftari mkononi. Ukakaa dawati la mbele.

"Shikamoo, Bi Zuhura," nikasema.

"Hapa ndani wewe ni mwalimu," ukanijibu, "kwa hivyo tuendelee."

Ulijifunza kwa miezi mitano. Wenzako waliijua sauti yako, na mmoja alikuuliza mbele ya darasa kwa nini mtu aliyesoma hotuba redioni anakuja kujifunza a, e, i. Ukamjibu kuwa nyumba moja inaweza kuwa na milango miwili, na wewe ulikuwa ukiingilia mlango mmoja tu. Sikuinua macho kutoka kwenye kitabu.

Siku moja, darasa lilipokwisha na wenzako wakatoka, ulibaki umekaa.

"Mwalimu," ukasema, "niandikie ubaoni ile mistari mitatu."

Sikukuuliza mistari gani. Nilichukua chaki nikaiandika, yote, bila ya kusita hata kwenye neno moja, na hapo nikajua kuwa nimeibeba miaka yote hiyo. Ukasimama ukaukaribia ubao. Ulisoma kwa kidole, silabi kwa silabi, kama nilivyowafundisha. Ki-ja-na mwe-ma ha-na si-ri. Ulichukua muda mrefu. Ulipomaliza ukarudia, mara hii kwa sauti yako ya redio.

"Ni wewe uliyeiacha," ukasema.

"Ni mimi."

"Kwa sababu ya babaake Nasra?"

"Ulijua habari zake?"

"Nlikuwa nashona nguo za mji mzima, Rukia. Nitakosaje kujua?"

Nikakuuliza lile nililotaka kuuliza tangu nilipokuwa na miaka kumi na tano: kwa nini hukunitaja.

"Ulikuwa umeshika sinia, gilasi zinagongana kwa kutetemeka. Ningekutaja vipi?"

Nikadhani yamekwisha. Nikainua mkono niufute ubao, ukanizuia.

"Lakini ulinifichia," ukasema. "Watu wananisifu kwa mistari hii. Hapa hapa Mkokotoni mtu alinishika mkono sokoni akalia. Na mimi sijui. Ungenisomea Ijumaa ile, sijui kama ningeiruka. Baba yako alikuwa na gari. Mimi nlikuwa naamkiwa njia nzima na watu nisiowajua, na nlikuwa napenda. Pengine ningeisoma yote, na kwa sauti nzuri. Umeninyima kujua mimi ni mtu wa namna gani."

Nilikuwa na miaka ishirini na moja na nilikuwa nimekuja tayari kusamehewa au kugombezwa, si kwa hilo. Ukaufuta ubao mwenyewe, ukapiga viganja kuondoa vumbi la chaki, ukaniaga kama wanafunzi wanavyomuaga mwalimu. Nyumbani tulikula pamoja na baba, tukazungumza juu ya mvua.

Hatukulirudia tena. Ulisoma magazeti yaliyokuja, ukasoma vitabu vya wajukuu, ukaandika barua kwa herufi zote mbili kutegemea anayeandikiwa. Ulipofariki nilikuwa ndani na wanawake, nikawasikia wakikutaja kama yule aliyekataa. Nikatazama mkeka.

Lile neno lako nimekaa nalo. Kwa miaka mingi niliona kweli kwamba nilikudhulumu, na bado naona hivyo. Nilikuwa na haki ya kukuogopea, sikuwa na haki ya kukuamulia. Hilo nakuomba radhi hapa, mbele ya kila asomaye, kwa sababu siku ile darasani sikuomba.

Lakini la pili ulilosema, kwamba hujui ungekuwa mtu wa namna gani, hilo sikubaliani nalo, na ningelikujibu siku ile ile lau akili yangu ingekuwa nyepesi. Jumamosi ulisoma nilichokuandikia mimi. Ukisema hukuchagua, ni kweli. Jumatatu palikuwa na wanaume wawili, na mtoto aliyekukosea, wa mwanamke mwengine, na mlango wa kutokea ulio wazi. Ulisomewa mistari ile kwa sauti, ukaisikia yote mitatu, na baada ya kuisikia ukajibu.

Siku hiyo, Bi Zuhura, hapakuwa na mtu aliyekuandikia la kusema.

Pumzika palipo na rehema. Baba nimemlipia kisomo cha hitma mwaka huu, nawe pia.

Binti wa mumeo,
Rukia